Fedha ya Idi Huanza Mfungo Mosi

Wenyeji wa pwani yetu, tangu Lamu mpaka Kilwa na visiwa vya Unguja na Pemba, wana hesabu ya miezi ambayo haianzi Januari wala haianzi Muharram, bali huanza asubuhi ile ya Shawali ambapo saumu imekwisha, tambi zimekwisha liwa, watoto wamekwisha vishwa, na kibindo cha baba wa nyumba kimekuwa chepesi kuliko siku yoyote nyingine ya mwaka. Mwezi huo ni Mfungo Mosi. Unaofuata ni Mfungo Pili. Mfungo Tatu una Idi ya kuchinja. Mfungo Sita una Maulidi. Na hesabu huendelea hivyo mpaka Mfungo Tisa, kisha huja Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe. Wazee waliiweka hesabu hii kwa ajili ya ibada, si kwa ajili ya fedha; lakini mwenye kutaka kujiwekea akiitazama vizuri ataona kwamba hakuna kalenda ya benki iliyopangwa kwa busara kuizidi, kwa kuwa inamtaka aanze kuhesabu siku ile ile aliyomaliza kutumia, ilhali wengi wetu huanza kuhesabu Shaabani ikiwa imefika nusu, wakati ambapo kuhesabu hakuna tena faida ila kuzidisha hofu.

Gharama zenyewe si siri kwa mtu yeyote. Kwanza huja vunjajungu katika siku za mwisho za Shaabani. Kisha mwezi mzima wa futari, ambamo muhogo, majimbi, viazi vikuu, ndizi, nazi, tende na sukari hupanda bei kwa sababu watu wote wanavitaka saa moja. Kisha kumi la mwisho, ambapo Darajani ya Unguja na Kariakoo ya Dar es Salaam hazipitiki kwa wingi wa wanunuzi. Kisha fitri, pishi moja ya chakula kwa kila roho iliyomo nyumbani, hata kichanga, ambayo haina budi itolewe kabla watu hawajasimama kuswali Idi. Kisha kanzu, kofia, mabaibui, doti za kanga, viatu, nyama na mchele. Na mwishowe mkono wa Idi, ambao watoto huudai bila ya haya yoyote, siku baada ya siku, ili waende nao Mnazi Mmoja wakiwa ni wa Unguja, au viwanja vya Tibirinzi wakiwa ni wa Chake Chake. Hata hayo yakiisha, kazi haijaisha, maana baina ya Idi hii na Idi el-Haji hapana ila siku sabini au pungufu kidogo, na mwenye niya ya kuchinja itampasa awe na mbuzi wake, au ashirikiane na wenzake katika ng'ombe mmoja, ambaye sharia imeruhusu agawanywe kwa watu saba.

Wako waonyaji, wa msikitini na wa magazetini, ambao wakifika hapa huanza kukemea israfu. Mimi siungi mkono karipio hilo lote. Baba anayemnunulia mtoto viatu vipya mara moja kwa mwaka, na mama anayepika sahani moja zaidi ili jirani asilale na harufu tupu, hawafanyi ubadhirifu wa namna yoyote. Wanatimiza wajibu ambao bila huo sikukuu ingekuwa siku ya kulala tu. Ubaya haumo katika matumizi. Ubaya umo katika fedha ya matumizi kutafutwa siku kumi kabla yake, kwa mkopo wa dukani au wa simu, na kulipwa kwa dhiki ya miezi mitatu baada yake.

Tatizo la kwanza la mwenye kujiwekea ni la mwezi wa mbinguni na mwezi wa mshahara, ambayo haiendi mwendo mmoja. Mwaka wa mwandamo una siku 354, au 355, nao kwa hiyo huutangulia mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja. Idi el-Fitri ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili. Ya mwaka 2025 ikawa tarehe 31 Machi. Na ya mwaka 2026 hesabu za mwandamo zinaiweka tarehe 20 au 21 Machi. Tazama basi alivyo mwajiriwa anayelipwa mwisho wa mwezi: baina ya Idi mbili za kwanza alipokea mishahara kumi na miwili, iwapo wa Machi ulimfikia kabla ya mwezi kuandama, lakini baina ya ile ya pili na ya tatu ni kumi na mmoja tu, na jambo hili humkuta takriban mara moja katika kila miaka mitatu. Mathalani amekisia kwamba Idi yake na futari zake zitamgharimu shilingi 600,000: akigawanya kwa kumi na mbili ataweka 50,000 kila mwezi, na mwaka wa mishahara kumi na mmoja utamkuta amepungukiwa na 50,000 nzima, ambayo huenda ndiyo nyama na mchele. Agawanye kwa kumi na moja, aweke kama 54,600, na mwaka wa mishahara kumi na miwili utakuwa ni bahati yake. Na asiye na mshahara, mwenye kuuza samaki au maandazi, akigawanya fedha hiyo kwa siku za mwaka wa mwandamo ataona ni kama shilingi 1,700 kwa siku, kiasi ambacho hakimtishi mtu asubuhi na humshinda jioni.

Mkulima hana hata mwezi wa mshahara wa kumwongoza. Karafuu za Pemba huchumwa zaidi katika nusu ya pili ya mwaka wa jua, na mkarafuu una tabia ya kujaa mwaka mmoja na kuwa bahili miaka inayofuata. Hivyo basi Idi ikiangukia Desemba humkuta mchumaji, ambaye kwa desturi hulipwa kwa pishi, fedha yake ingali moto mkononi, na ikiangukia Juni humkuta ameisahau hata sura yake. Ama wanawake wa Paje, Jambiani na Bwejuu, ambako kilimo cha mwani cha kuuza nje kilianza mwaka 1989, wao wana nafuu ya namna yake, kwa kuwa mwani hukomaa kwa muda wa wiki sita hivi na kazi yake hufuata bamvua, wakati maji yanapokupwa mbali. Fedha huja kidogo lakini huja mara nyingi, na fedha ya namna hiyo ndiyo inayokubali kutengwa. Mwanamke wa mwani anayeweka fungu la kila mvuno huenda asijue kwamba anafanya jambo ambalo mwenye shamba la mikarafuu, kwa ukwasi wake wote, hushindwa nalo.

Lakini kutenga ni jambo moja, na kulinda kilichotengwa ni jambo jingine, na la pili ndilo zito. Methali yetu ya haba na haba imesema kweli juu ya kujaza kibaba, ila haikutuambia kibaba chenyewe kiwekwe wapi wala kilindwe na nani. Na simzungumzii mwizi hapa. Nazungumzia jamaa. Mtu aliye na shilingi laki mbili ndani ya kabati, na shangazi yake akaja na cheti cha hospitali, au mdogo wake akaja na barua ya shule, hana jawabu la kusema. Fedha iliyolala haina mwenyewe mmoja katika ukoo wetu, na kumwambia shangazi kwamba hiyo ni ya viatu vya Idi ni neno ambalo mtu mwenye adabu halitamki. Kwa sababu hii nina rai kwamba vyombo vyote vya akiba vilivyodumu kwa watu wetu vimedumu kwa sifa moja, nayo ni kumpa mwenye fedha udhuru wa heshima wa kutokuwa nayo.

Chepesi katika vyombo hivyo ni kibubu, kile kisanduku cha mbao au kopo la bati lenye mwanya mmoja juu na lisilo na mlango, ambacho fundi seremala hukipiga misumari pande zote ili kisifunguke ila kwa kuvunjwa. Siku hizi viko vilivyoandikwa usoni mraba wa tarakimu, na mwenye kutia shilingi 5,000 hukata 5,000 yake, mpaka tarakimu zote ziishe na jumla iliyokusudiwa itimie. Ni mtindo mzuri, maana mtoto wa nyumba huwa karani na huuliza kila siku. Sifa ya kibubu ni kwamba kukivunja ni aibu na kelele. Aibu yake ni kwamba hakina shahidi, na waya mwembamba hupita katika mwanya bila ya kelele yoyote. Tena yako ya mchwa na moto, na yako ya Benki Kuu. Husemwa kwamba akiba haiozi. Kenya ilipotoa noti mpya mwaka 2019 na kuizima noti ya zamani ya shilingi 1,000 tarehe 1 Oktoba ya mwaka huo huo, na Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza kubadilishwa kwa noti zilizotolewa tangu 1985 mpaka 2003 baina ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, ilibainika kwamba noti huoza vizuri sana, hata ikiwa imekunjwa kavu ndani ya kitambaa. Anayevunja kibubu kila mwaka hakuguswa na hayo. Walioguswa ni wenye kuzika.

Cha pili ni mchezo, ambao wengine huuita upatu: watu kumi au kumi na wawili, aghalabu wanawake wa mtaa mmoja au wafanyakazi wa ofisi moja, hutoa kiasi sawa kila mwezi au kila wiki, na kijumbe hukikusanya na kumkabidhi mmoja wao chote, kwa zamu. Maulamaa wengi hawakuona taabu nao, kwa kuwa hapana ziada inayoingia wala inayotoka, na kila mtu hupokea kile kile alichotoa. Mtu wa hesabu atauliza, nao una manufaa gani basi? Manufaa yake ni kwamba huigeuza akiba kuwa deni. Anayetia kibubuni anajidai mwenyewe, na mtu ni mdai mpole mno wa nafsi yake. Anayetoa mchezo anadaiwa na kijumbe, tena na mwenzake aliye zamuni, ambaye amekwisha agiza bati kwa fedha hiyo na atamsubiri mlangoni. Shangazi aliye na cheti cha hospitali akiambiwa, "Shangazi, leo natoa mchezo," huelewa mara moja na hukata rufani kwa mwingine, maana hata yeye ana mchezo wake. Tunaheshimu deni kuliko tunavyoiheshimu akiba, na badala ya kulilaumu jambo hilo ni afadhali tulitumie.

Shida ya mchezo ni zamu. Anayepokea kwanza ni mkopaji, anayepokea mwisho ni mwekaji, na wa katikati ni nusu kwa nusu. Lakini mchezo unaoanza Mfungo Mosi kwa watu kumi na mmoja, zamu zikaisha Shaabani, huleta ugomvi wa zamu ya Shaabani na ya Rajabu, ambazo kila mtu anazitaka, ilhali za Mfungo Nne na Mfungo Tano, ambapo watu hawana sherehe, hazina mwenyewe. Kijumbe mwenye tadbiri huzipiga kura zamu hizo, au humpa zamu ya Mfungo Tano mwenye nyumba inayovuja. Nimeona michezo mingi zaidi iliyovunjika kwa jambo hili kuliko iliyovunjika kwa wizi. Lakini jina la upatu liwe na hadhari yake, kwa sababu limekwisha valiwa na watu wengine: DECI, iliyozimwa na serikali ya Tanzania mwaka 2009, iliwaahidi watu kuvuna zaidi ya walichopanda kwa kutumia fedha ya wanaoingia nyuma yao, na huo si mchezo tunaouzungumza, hata kama sheria na mazungumzo ya mitaani huutaja kwa neno hilo hilo.

Palipo na ugomvi wa zamu, dawa yake ni kikoba. Mtindo huo, ambao chimbuko lake ni vikundi vya wanawake wa Niger vilivyoanzishwa kwa msaada wa shirika la CARE mwaka 1991, ulifika pia katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani kisiwani Unguja, na kutoka huko na kwingineko ukaenea Tanzania nzima kwa jina la VICOBA. Wanachama hununua hisa katika kila mkutano. Fedha hutiwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu huwekwa na watu watatu tofauti, wala sanduku halikai kwa yeyote kati ya hao. Na mwisho wa mzunguko, ambao kwa kawaida ni miezi tisa mpaka kumi na miwili, kikoba huvunjwa na kila mtu huondoka na mgawo wake kwa kadiri ya hisa zake. Hapa hapana wa kwanza wala wa mwisho. Wote hupokea siku moja, na siku hiyo wao wenyewe ndio waichaguao. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi hivi vimewekwa katika daraja la nne la watoa huduma, navyo vinatakiwa kusajiliwa, jambo ambalo wengine waliliona usumbufu, na ambalo mimi naliona ni afadhali kuliko mweka hazina kuhama mtaa usiku. Kinachobaki ni kwamba vikoba vingi hukopeshana kwa ziada, na waumini wanaochelea riba hubaki katika mchezo, au hutafuta kikundi kilichoafikiana kukopeshana bila ya nyongeza.

Si sisi peke yetu tuliogundua kwamba mtu huhitaji kufungiwa fedha yake mwenyewe. Mwaka 1909, katika mji wa Carlisle, Pennsylvania, huko Marekani, Merkel Landis, mtunza hazina wa Carlisle Trust Company, aliwafungulia wateja wake mfuko wa Krismasi, wakaweka kidogo kidogo kila wiki na kukabidhiwa Desemba. Benki nyingine zikaiga, na watu wakajiunga kwa wingi ijapokuwa faida yake aghalabu ilikuwa ndogo au hapana kabisa, maana walichokitafuta ni kufuli na si faida. Uingereza nako maelfu ya kaya za kipato kidogo zilikuwa zikiikabidhi kampuni ya Farepak fedha ya mwaka mzima, kwa mikono ya mawakala ambao wengi wao walikuwa ni majirani na jamaa zao, ili wapate vikapu vya vyakula na hati za manunuzi ya Krismasi. Oktoba 2006 kampuni ikaanguka, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki mikono mitupu wiki chache kabla ya sikukuu. Fedha zao hazikuwa zimetengwa na fedha za biashara, na walichorudishiwa baada ya miaka ya kungoja kilikuwa takriban nusu. Wakala alikuwa jirani mwema, ila sanduku halikuwa kwake. Mwenye kuombwa na kampuni yoyote, ya hapa au ya ng'ambo, aiwekee fedha ya sikukuu, aulize kwanza fedha hiyo italala wapi na kwa jina la nani.

Kuhusu simu, ambayo tangu M-Pesa ya Kenya ya mwaka 2007 imekuwa ndiyo kibindo cha watu wengi, nitasema machache. Zipo huduma za kuifunga fedha mpaka tarehe uliyoichagua, na zipo, kama M-Koba ya Tanzania, zinazofanya kazi ya sanduku la kufuli tatu kwa kikundi, ambapo fedha haitoki mpaka viongozi walioteuliwa wameidhinisha. Ni vizuri. Lakini chombo hicho hicho kinachokufungia kwa kitufe kimoja hukukopesha kwa kitufe cha pili, tena katika kumi la mwisho la Ramadhani, na ada ya mkopo huo sina haja ya kuieleza kwa aliyewahi kuilipa. Asiyetaka riba ana mlango mwingine: Gulf African Bank ilifunguliwa Kenya mwaka 2008, na Amana Bank pamoja na tawi la Kiislamu la Benki ya Watu wa Zanzibar vilianza mwaka 2011, nazo hupokea hata amana ndogo. Na kwa anayehofia zaka juu ya fedha ya Idi, mafakihi wanasema zaka huwajibika kwa mali iliyofikia nisabu, ambayo kwa dhahabu ni kama gramu 85, na ikatimiza mwaka mzima wa mwandamo. Kibubu kilichoanza Mfungo Mosi na kuvunjwa Ramadhani, kama ndicho mali yote aliyonayo mtu, kinasalimika kwa sababu zote mbili.

Iko pia akiba isiyokuwa fedha, na nashangaa kwamba husahauliwa, kwani faida yake huzidi ya benki yoyote. Fundi cherehani ambaye katika Ramadhani hufunga kitabu cha oda ikifika nusu ya mwezi, na kuwajibu watu kwa ukali, katika Mfungo Saba hukaa barazani akicheza bao. Kitambaa kilichonunuliwa wakati huo hupunguzwa bei bila ya kubishana sana, na mshono hutulia. Mashuka, mapazia, kanga za mama mkwe, sahani, hata kofia ya kushona kwa mkono ambayo kazi yake huchukua wiki nyingi, vyote hivi vyaweza kuwa vimekaa ndani ya sanduku kabla Rajabu haijaandama, na jamaa mwenye shida haji kukopa pazia. Viatu vya watoto tu ndivyo visivyokubali tadbiri hii. Mguu wa mtoto hauna subira, na viatu vya Mfungo Tano vitambana mbele ya wenzake siku ya Idi.

Wenzetu wa Krismasi wana nafuu ya tarehe isiyohama, na taabu ya tarehe iliyo mbaya, maana 25 Desemba imekaa wiki chache tu kabla ya shule kufunguliwa, na Mchaga anayepanda basi kwenda Moshi pamoja na watoto watatu hujua kwamba mwezi wa Januari unamngoja stendi atakaporudi, na sare na madaftari mkononi. Kwa hiyo vikoba vya bara huvunjwa Desemba, na mwenye akili huugawanya mgawo wake mafungu mawili hapo hapo mkutanoni. Vya pwani hufuata mwezi, na kwa kawaida watu hawa wawili hawapigani vikumbo sokoni. Wenye umri wataikumbuka 2000, mwaka uliokuwa na Idi el-Fitri mbili, ya kwanza tarehe 8 Januari na ya pili tarehe 27 Desemba, siku mbili baada ya Krismasi. Kwa hesabu za mwandamo jambo hilo litarudi mwaka 2033: Idi moja mwanzoni mwa Januari, na nyingine karibu na tarehe 23 Desemba, wakati ambapo mabasi ya kaskazini na boti za Pemba vitajaa kwa siku zile zile, na kuku, mchele na kitambaa vitanunuliwa na watu wote kwa pamoja. Kikoba ambacho katiba yake imeandika kwamba kitavunjwa mara moja kwa mwaka, bila ya kusema ni mwaka wa jua au wa mwezi, kina miaka michache ya kuitisha mkutano na kuliandika vizuri neno hilo.